Mume wa Kwenye Msumari

Mie sikuja Temeke kutafuta maisha, watu wanielewe hapo. Maisha nilikuwa nayo kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, na shamba la mihogo juu yake. Nilikuja kukaa ndani ya chumba kimoja mpaka mtu mmoja anikute. Basi. Ndiyo kazi niliyopewa.

Mtu mwenyewe ni Anselmo, mume wangu. Kabla ya vita alikuwaga anakuja Dar na wenzake kuchonga vinyago vya mpingo, wakapanga kwa Bi Tunu, na katika mji huu wote hiyo ndiyo nyumba pekee aliyoijua. Vita na Mreno vilipopamba moto akanileta mpaka mtoni. Mie nikavushwa, yeye akabaki na wapiganaji. Kabla mtumbwi haujasukumwa akavua shati lake jeupe la Jumapili akanirushia. "Nenda kwa Bi Tunu, Temeke. Usihame hapo. Siku nikija nitakuja hapo hapo, maana pengine sipajui. Na shati langu nilikute." Wanaume, jamani! Mtu anakwenda kupigana na bado anawaza shati.

Nikafika. Bi Tunu, Mzaramo, mwanamke mfupi wa kanga mbili na sauti ya kuita mtu aliye Kiwalani, akanitazama juu mpaka chini. "Anselmo namjua. Wewe sikujui. Chumba kipo, lakini nyumba hii ina adabu zake. Ukinishinda nakutoa, uwe mke wa nani sijui." Nikasema ndiyo, mama. Moyoni nikasema, kunitoa? Thubutu! Nikitolewa hapa, Anselmo atapiga hodi kwa nani?

Shati nikalitundika kwenye msumari ukutani, na kila Jumamosi nikawa nalifua na kulipiga pasi ya mkaa, ili siku akija alikute safi. Kisha nikaanza kuwasoma watu wa Dar. Nilikuwa mbishi na mwepesi wa hasira, sikatai, lakini nilikuwa na macho. Nilitaka kujua kila kitu chao kinakwendaje, maana kosa moja lingenigharimu kile chumba.

Salamu kwanza. Kwetu unamsalimu mtu unapita. Hapa, habari za asubuhi, za tangu jana, za nyumbani, za kazi, na zote ni nzuri. Jirani yetu mmoja, Rosalia, siku moja shavu limemvimba kwa jino mpaka jicho limefumba. Namuuliza habari, ananijibu nzuri! Nikakasirika kabisa. Nzuri gani hiyo na sura imekwenda upande? Akaendelea, "Ila jino hili, mwenzangu, litaniua." Nikajifunza kwamba hawa watu ukiwauliza habari usiondoke upesi. Ngoja "ila". Mambo yenyewe yako baada ya "ila".

Halafu bombani. Nimekwenda alfajiri, naona ndoo zimejipanga mstari na watu hakuna. Nikasema, hizi zimesahauliwa, maskini. Nikazisogeza pembeni, nikaweka yangu mbele. Lo! Wanawake walitokea sijui wapi, kila mlango umetoa mmoja, na matusi niliyoyapata siku ile mengine sikuyaelewa mpaka mwaka wa pili. Ndoo bombani ni mtu. Imekaa pale kwa niaba ya mwenyewe, na ukiisogeza umemsukuma mwenyewe.

Aliyenieleza hilo la ndoo alikuwa Mzee Pazi, mume wa Bi Tunu. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, anatembea na bakora, na kabla hajaingia uani alikohoa kwanza, ehe-ehe, ili wanawake tujitengeneze. Mtu wa masihara. Kila nikiharibu jambo alicheka mpaka machozi, halafu ndiyo ananieleza. Nilipita mahali watu wanakula, wakasema "Karibu!", nikakaa, nikala nao mpaka sinia likaisha. Wangefanyaje? Mzee Pazi akaniambia, "Mwanangu, wakisema karibu, sema ahsante, endeleeni. Wakikukaribisha tena, hapo nawa mikono."

Na sahani! Mwezi wa Ramadhani Bi Tunu aliniletea futari, mihogo ya nazi, kaifunika kwa kawa, na anajua fika mie Mkristo. Nilifurahi. Nikaiosha ile sahani ikang'aa, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akaipokea, akaitazama ndani, akanitazama mie, akaitazama tena. Hakusema neno, na Bi Tunu asiposema neno ujue pana jambo. Mzee Pazi ndiye aliyeninong'oneza kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, hata uweke chumvi. Kesho yake nikapeleka karanga za kukaanga. Bi Tunu akaonja moja, akasema, "Haya. Anaanza kuwa mtu."

Niseme ukweli, nilimpenda yule mzee. Baba yangu sikumjua sana, na Mzee Pazi alinifundisha mji bila kunidharau. Kwa hiyo alipofariki, asubuhi moja baada tu ya kunywa chai, nililia kama mtoto wake wa kumzaa.

Msiba ukajaa. Wanaume nje kwenye mikeka, wanawake ndani na Bi Tunu, maiti imelala chumbani inasubiri kuoshwa, na mie nikajitwika jiko la uani. Nilijua kwamba mgeni hujulikana kwa kazi. Nikakamata mwiko mkubwa, nasonga ugali wa watu wote wale, jasho na machozi vinashuka pamoja.

Mara nasikia, ehe-ehe.

Nikageuka, moyo umenipasuka. Naona kofia ya Mzee Pazi, koti la Mzee Pazi, bakora ya Mzee Pazi, na mguu unaburuzwa vilevile. Lakini ndani ya koti hilo yumo jitu moja nene, silijui, linakenua meno. Likapiga bakora chini. "Tunu! Wewe Tunu! Maji yangu ya kuoga yamepoa! Na watu gani hawa wamejaa uani kwangu, nani kafa?"

Toba! Maiti bado imo ndani! Kwetu kijijini maiti ikiwa ndani, hata mwenye kikohozi huenda kukohoa mbali. Nikangoja wanaume waje wamburute yule mwendawazimu. Hakuna aliyesogea. Badala yake nikasikia kicheko, na kinatoka ndani, chumba cha wafiwa, na katika vicheko vile nikaitambua sauti ya Bi Tunu mwenyewe. Nikasema, masikini, mama wa watu kachanganyikiwa. Lile jitu likazidi. Likachechemea mpaka jikoni kwangu, likachungulia sufuria, likasema kwa sauti ileile ya marehemu, "Mnanipikia ugali huu mbaya, ndiyo maana nimekufa."

Sikufikiri. Mwiko ulikuwa mkononi, una ugali wa moto. Nikamshushia nao mgongoni, paa! Ugali ukamwingia ndani ya kola. Nikamwongeza wa pili. "Mshenzi wewe! Vua nguo za mzee! Vua!"

Waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Hata waliokuwa wanalia waliacha kulia.

Dada wa marehemu akatoka mbio, amejishika kichwa. "Kampiga mtani! Msibani! Mwanamke huyu katuletea mkosi!" Nikabaki na mwiko wangu. Mtani? Utani naujua, wa maneno, watu wanaitana mafisi wanacheka. Lakini juu ya maiti? Rosalia akanivuta pembeni. "Anjelina, umefanya nini? Huyo ni Albano. Mnyamwezi. Ni mtani wa Wazaramo, na msiba ni wake. Ana haki ya kuvaa nguo za marehemu, kumwiga, kutukana, kulala hata kaburini mpaka apewe kitu. Hapigwi! Hakasirikiwi hata!"

"Sasa watanifanya nini?"

"Watakutoa, mwenzangu. Nani atakaa na mtu wa namna hiyo?"

Nikaingia chumbani, nikakaa chini ya lile shati, nalitazama. Nilichokuwa nakiogopa kimenifika, na kimeletwa na mkono wangu mwenyewe. Nilijua jinsi itakavyokuwa: Anselmo anafika siku moja, mchovu, anapiga hodi, na mtu anamwambia, "Alikuwepo. Tulimtoa. Hatujui alikokwenda." Nikalia, na safari hii nilikuwa najililia mwenyewe.

Mchana wakazika. Waliporudi nikachungulia dirishani nikamwona Albano na Wanyamwezi wenzake watatu wanne, wa bandarini na wa Buguruni, wamejaa udongo mwekundu mpaka magotini. Ndio waliochimba kaburi. Koti la mzee kalivua, fulana yake ina alama ya ugali mgongoni. Nikashangaa. Mtu anamkejeli marehemu asubuhi, na mchana anamchimbia kaburi? Pamoja na woga wangu wote, nikataka kujua.

Nikaitwa uani. Wazee wamekaa, balozi wetu wa nyumba kumi yupo, dada wa marehemu kakunja uso. "Atoke leo hii," akasema. Balozi akamuuliza Bi Tunu, aliyekuwa ndani kaanza eda, anasema nasi kupitia pazia la mlango. Nikashika kanga yangu kwa nguvu. Bi Tunu akajibu, "Aliyepigwa ni mtani. Neno ni la mtani. Akisema atoke, atatoka."

Basi chumba changu kikawa mkononi mwa mtu niliyemtwanga. Albano akanijia polepole, anajikuna mgongo. Alipofika karibu, macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona kuwa na yeye alikuwa amelia.

"Wewe kwenu wapi?"

"Ng'ambo ya Ruvuma."

"Mtani wako katika mji huu nani?"

"Sina."

"Ndugu?"

"Sina. Nina mume, atakuja."

Akawageukia wazee. "Mmesikia? Mmemwacha mtu anakaa Dar bila mtani, mkono wake utajua wapi pa kutua? Kosa ni lenu." Akaninyang'anya mwiko, akaupachika kwapani. "Faini yangu hii. Na wewe, Mzaramo wa kuokota, tangu leo nitakusumbua mpaka ufe. Ugali wako mbaya, na ukiwa mgongoni ni mbaya zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Hata dada wa marehemu kicheko kilimponyoka. Mie nimesimama sielewi kama nimehukumiwa au nimesamehewa. Sauti ya Bi Tunu ikatoka nyuma ya pazia. "Nenda kasafishe sufuria, Anjelina. Ushapata ndugu, tena ndugu mbaya."

Na alinisumbua kweli. Jumapili hazimpiti. Anaingia bila hodi, anakalia kigoda changu, anakunywa chai yangu na kuitukana. Akaliona lile shati. "Ehe! Kumbe mumeo huyu? Mume wa kwenye msumari! Anakula? Anakoroma?" Nilichemka, nikatafuta cha kumrushia, nikakumbuka. Nikauma meno. Wiki nyingine nikajaribu kujibu. "Afadhali wangu wa kwenye msumari, ananuka sabuni. Mkeo anajua unavyonuka wewe?" Akapiga kofi akacheka mpaka chai ikamwagika. Nikaona, kumbe! Mlango wake uko hapa. Hasira zangu zote, ambazo kila mahali zilinitia matatani, kwa Albano zilikuwa na kazi. Nilizitoa zote, na hakuna aliyeumia.

Nilimuuliza Bi Tunu hiyo desturi imeanzaje. Eda ilikuwa imeisha, tunachagua mchele uani. Akasema, "Mie nilisimuliwa na bibi yangu. Zamani Wanyamwezi walikuja pwani kwa miguu, mizigo kichwani, miezi. Mtu anafika huku hana ndugu, hana mama. Akifa, nani atamzika? Wakakubaliana na wazee wetu: mkifa kwetu tutawazika sie, tukifa sie mtatuzika nyie. Na mtu atakayekuzika unamwonea haya gani? Mnatukanana tu." Akapeperusha makapi. "Ni jambo la wageni hilo, mwanangu. Lilianzia kwa wageni." Nikawa nalifikiri mpaka mchele ukaisha.

Habari ilikuja Jumamosi mchana. Nimeshafua shati, liko kambani. Akaingia Fransis, aliyekuwa na Anselmo msituni, mkono mmoja umefungwa bendeji. Akanisalimu. Nikamuuliza habari za huko.

"Nzuri," akasema. "Ila."

Sikungoja amalize. Anselmo alikuwa amefariki wakati wa masika, wamemzika hukohuko porini, na mahali penyewe pana mabomu, hapaendeki. Nilimshukuru Fransis, nikampa maji ya kunywa, nikamsindikiza mpaka barabarani, maana nilishajifunza kuwa mgeni husindikizwa. Nikarudi, nikafunga mlango kwa komeo. Sikulia. Chozi halikuwepo. Niliyekuwa namngoja haji, chumba cha nini? Sina maiti, sina kaburi, sina ukoo. Msiba usio na mwili unaliliwaje, na nani ataulilia? Bi Tunu akapiga hodi, sikuitika. Rosalia akaweka uji mlangoni, ukapoa. Nikafunga furushi langu. Kwenda wapi sikujua. Jumapili asubuhi nikakumbuka shati bado liko nje.

Nikafungua mlango. Uani pamejaa watu. Wanawake wa bombani wote wapo, walewale wa ndoo, wamekaa kwenye mikeka, dada wa Mzee Pazi yumo. Sikuwa nimemwambia mtu. Fransis alimwambia Bi Tunu, Bi Tunu kawaambia wote. Nikatazama kamba. Shati halipo.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Albano akatokea upande wa mbele. Amevaa shati la Anselmo. Limembana makwapani, vifungo havikutani, kitovu kiko nje. Mkononi ameshika mwiko wangu. Akapiga hatua kama askari, akasimama mbele yangu, akafanya sauti nzito.

"Mwanamke! Mumeo nimerudi. Nyumba nimeipata, wala sikuuliza mtu njia."

Watu wote walikuwa wananitazama mie. Albano akanyoosha mwiko, akanipa. Nikaupokea, nikamtazama lile tumbo.

"Ala!" nikasema. "Anselmo wangu hakuwa na tumbo hilo. Utanichania shati, mpumbavu wewe!"

Wakacheka. Uani kote wakacheka, na mie nikacheka nao, na kicheko kikageuka katikati ya koo nikalia. Nililia kwa lugha ya kwetu, nikimwita kwa jina lake la jandoni ambalo hapa hakuna anayelijua. Bi Tunu akanipakata pale chini, mie na ukubwa wangu. Rosalia akaanza rozari, na wale wanawake wa Kiislamu wakakaa nasi mpaka ikaisha.

Watani ndio waliopika. Hawakuniacha niguse hata kijiti. Ugali ulikuja umejaa madonge, nikawaambia mbele ya watu kwamba Wanyamwezi hawajui kupika tangu babu zao. Nikala. Lilikuwa tonge langu la kwanza tangu Fransis aondoke. Bi Tunu akaingia chumbani mwangu, akaliona furushi, akalifungua, akarudisha kila kitu mahali pake bila kuniuliza.

Jioni Albano akavua shati. Akalikung'uta unga, akalinyoosha kwa viganja vyake vya kuli wa bandarini, akaingia akalitundika kwenye msumari.

"Kafika huyu," akasema. "Haya, nipe mwiko wangu."

Sikumpa.